Si kila bromini baharini imetoka kiwandani

Mhariri,

Makala yenu kuhusu uchafuzi wa bahari ilidai kuwa kemikali zenye klorini au bromini hazitokei kiasili, hivyo zikikutwa mwilini mwa samaki au nyangumi ni lazima ziwe taka za viwanda. Dai hilo si kweli.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 19 za kloridi na miligramu 65 hivi za bromidi, yaani klorini na bromini zikiwa katika hali ya chumvi. Malighafi imejaa tele, na viumbe wameitumia tangu enzi na enzi. Mtazame sifongo: mnyama aliyeng'ang'ania mwambani, hakimbii, hana gamba. Kinga yake ni sumu. Sifongo aitwaye Aplysina aerophoba akijeruhiwa, kemikali za bromini alizozihifadhi humeng'enywa na kutoa sumu kali zaidi. Jamaa zake wa jenasi ya Lamellodysidea hubeba difenili etha zenye bromini, ndugu wa karibu wa zile zilizotiwa kwenye plastiki na magodoro ili yasishike moto, na kiasi chake huweza kuzidi asilimia 10 ya uzito mkavu wa sifongo. Tena mpishi si yeye! Mwaka 2017 watafiti walionyesha kuwa jeni za kazi hiyo zimo ndani ya saianobakteria, vijidudu vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, waliopanga mwilini mwake.

Na nyangumi je? Mwaka 2005 ilichapishwa taarifa ya nyangumi aliyekwama ufukweni Virginia, Marekani. Etha mbili za bromini zilichujwa kutoka kwenye mafuta yake, zikapimwa kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnururisho ambayo viumbe hai huipata kutoka hewani na ambayo hupungua kadiri miaka inavyopita. Kitu kilichotengenezwa kwa mafuta ya petroli yachimbwayo ardhini hakina kaboni hiyo, kwani ilikwisha yote katika mamilioni ya miaka chini ya ardhi. Etha zile zilikuwa nayo, basi zilitoka kwa viumbe hai, si kiwandani.

Siwatetei wenye viwanda. Etha zao ziliingizwa katika Mkataba wa Stockholm, mapatano ya kimataifa ya kudhibiti kemikali sumu zisizooza upesi, kuanzia 2009, na zilistahili. Wala sisemi kuwa za sifongo hazidhuru, zimeumbwa kudhuru. Ila zile za nyangumi zilikuwa na kikundi cha metoksi (kipande kidogo cha oksijeni, kaboni na hidrojeni kilichoungwa kwenye molekuli), ambacho etha za kuzuia moto hazina. Maabara ikitoa jumla ya bromini peke yake, tofauti hiyo inapotea, na lawama inatupwa kwa kubahatisha.

Naomba safari nyingine mchapishe jina kamili la kemikali iliyopimwa. Nafasi ya mstari mmoja inatosha.

Msomaji wenu