Malalamiko kuhusu karatasi za kolaji zilizouzwa kwa jina la kozo

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana/Bi Meneja,

KUH: KARATASI ZISIZOLINGANA NA MAELEZO YA PAKITI

Mimi ni msanii wa kolaji, yaani picha zinazotengenezwa kwa kubandika vipande vya karatasi, nafanyia kazi Mji wa Kale, Mombasa. Niliagiza kwenu pakiti ya karatasi nyembamba, nyeupe na za rangi, ambazo mlizitangaza kuwa karatasi ya kozo ya Japani iliyotengenezwa kwa mkono na isiyochuja rangi. Niliongeza na karatasi ya kunakilia ramani, ambayo mliahidi kuileta ikiwa imeviringishwa. Nililetewa vitu vingine kabisa, na nilipolalamika mhudumu wenu akanijibu kwamba karatasi zote zinazopitisha mwanga ni sawa kwa kolaji, nipunguze gundi tu. Jibu hilo limeniudhi kuliko bidhaa zenyewe, na ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Nianze na hiyo mnayoiita kozo. Kozo halisi hutokana na gome la ndani la mti wa jamii ya mforsadi. Nyuzi zake ni ndefu, na ndiyo sababu karatasi yake huweza kuwa nyembamba kama utando na bado isiraruke ikilowa. Ukichora mstari wa maji juu yake kwa brashi kisha ukaivuta taratibu, ukingo hubaki na vinyweleo, na vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoficha mahali kipande kimoja kinapokutana na kingine. Karatasi yenu ilikatika butu, bila unywele hata mmoja, na ilipopata gundi ikasambaratika chini ya brashi. Nikachukua ile nyeupe nikaimulika kwa taa ya kukagulia noti bandia, ikang'aa buluu kali. Huo ni mng'ao wa kemikali ya kung'arisha inayotiwa katika karatasi za viwandani. Kozo ya jadi haitiwi kemikali hiyo. Kwa maoni yangu mmeniuzia karatasi laini za kufungia zawadi kwa bei ya kozo.

Hasara ilikuja na karatasi nyekundu. Nilikuwa natengeneza picha ya milango ya kuchonga ya mtaa wetu kwa ajili ya mteja. Nakshi nilizichora kwa wino kwenye matabaka tofauti, ili mlango wa chini uonekane kupitia ule wa juu. Nilipobandika kipande chenu chekundu, rangi ilitiririka ikaingia kwenye nakshi nilizokwisha kuzimaliza. Doa la namna hiyo halifutiki. Kazi yote ilibidi ianzwe upya, na mteja akacheleweshewa.

Sasa kuhusu kupunguza gundi. Karatasi huonekana nyeupe kwa sababu hewa iliyo katikati ya nyuzi hutawanya mwanga. Kozo nyembamba ikinyweshwa vizuri gundi ya akriliki, hewa hutoka, weupe hufifia, na wino hubaki kama unaelea peke yake. Huo ndio uzuri tunaoulipia. Ukipunguza gundi, hewa husalia na mabaka meupe hujitokeza kila mahali. Mhudumu wenu alinishauri kinyume cha inavyotakiwa.

Karatasi ya kunakilia ramani nayo ina tabia zake. Rojo la mbao hupondwa sana mpaka nyuzi zinashikana bila nafasi, na kwa sababu hiyo hiyo huvimba na kujikunja ikipata maji. Hiyo hubandikwa kwa gundi kavu au utepe wa gundi. Glasini, karatasi nyororo inayong'aa, hukandamizwa kwa roli zenye joto hadi iteleze, nayo pia haipatani na maji. Karatasi ya nta haishiki gundi ya maji hata kidogo. Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Nairobi, ametengeneza kolaji nyingi juu ya Mylar, ambayo ni plastiki ya poliesta isiyonywa maji, na wino hukaa juu yake kwa namna ambayo karatasi haiwezi. Msanii huchagua kwa kujua kila kitu kitafanya nini. Atajuaje, ikiwa pakiti inasema uongo?

Hiyo karatasi ya kunakilia mliikunja mara nne ili iingie kwenye bahasha. Ikikunjwa huvunjika nyuzi na kubaki na mstari mweupe usiotoka. Haifai tena.

Pakiti zenu pia hazisemi kama karatasi ina asidi. Hilo si jambo dogo. Vipande vya magazeti ambavyo wachoraji Braque na Picasso walivibandika kwenye picha zao tangu 1912 vimegeuka kahawia, kwa sababu karatasi ya magazeti huwa na asidi. Mteja anayenilipa leo ana haki ya kujua picha yake itakuwaje baadaye, na hapa pwani, pamoja na joto na unyevu wetu, nina sababu zaidi ya kuuliza.

Naomba mnirudishie fedha zote za oda hii pamoja na nauli ya kurudisha mzigo. Naomba pia muondoe neno kozo kwenye bidhaa hiyo, au mniletee kozo yenyewe. Na kuanzia sasa kila pakiti iandikwe imetengenezwa kwa nyuzi gani, ina gramu ngapi kwa mita ya mraba, ina asidi au haina, na kama rangi yake huchuja. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 hairuhusu kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa, na nisipojibiwa ndani ya siku 14 nitapeleka malalamiko haya mbele. Picha za kingo zilizochanika, za karatasi ikiwa chini ya taa, na za kazi iliyoharibika nimeziambatisha. Stakabadhi ya malipo ipo pia.

Wenu mwaminifu,

Mteja wenu, Mji wa Kale, Mombasa