Barua kwa mwanangu: kila rafiki na Pokémon wake

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Salamu zako zimefika. Mama yako na bibi yako hawajambo, alhamdulillahi, na wanakusalimia. Umesema Idi hii unataka kumpa kila mmoja wa wale marafiki zako 12 wa mtandaoni Pokémon wake, yaani mmoja wa wale viumbe wa kubuni wa gemu za Kijapani wanaopambanishwa, kwa picha na maneno machache, na kwamba umekwama kwa sababu kila unayemfikiria unamwona ni Pikachu, yule wa manjano anayejulikana na wote. Kazi hiyo ina njia yake, na ikifanywa ovyo inaumiza watu. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Usianze na sura. Ukianza na sura, wasichana wote watapata viumbe vya waridi, wavulana wote watapata Charizard, yule joka la moto, na hakuna atakayejiona. Wala usianze na aina, kusema huyu mkali basi moto, huyu mpole basi maji. Aina zote ziko 18. Zilikuwa 15 gemu za kwanza zilipotoka Japani mwaka 1996, mbili zikaongezwa 1999, na ya mwisho, Fairy, ikaja 2013. Kazi yake ni kueleza nani anamlemea nani pambanoni. Kuhusu tabia hazikwambii kitu. Gyarados, joka la bahari, ni wa maji, na mwenye hasira kama yeye ni wachache.

Anza na kipaji. Kila Pokémon ana kipaji, jambo analokuja nalo uwanjani hata kabla hajaamrishwa kufanya lolote. Vipaji viliingia mwaka 2002, na ndivyo vilivyo karibu zaidi na mwenendo wa mtu, kwa kuwa vinaonyesha kiumbe anavyokaa na wenzake na adui zake. Na hao marafiki zako ndivyo unavyowajua. Hujawahi kuwaona wakitembea wala kusikia sauti za wengi wao, lakini unajua nani anajibu saa ngapi, nani anamtetea nani, nani anatoweka na akirudi anarudi vipi.

Chukua daftari. Rudi nyuma kwenye mazungumzo ya mwezi mzima, si ya jana tu, maana aliyegombana jana ataonekana mgomvi na aliyeugua wiki hii ataonekana mpole. Kwa kila jina andika vitendo vitatu. Nasema vitendo, si sifa: usiandike "mkarimu", andika "alimwelekeza mgeni mpaka saa sita usiku". Sifa zinafanana, watu wako sita watatoka wakarimu, vitendo havifanani. Kitendo kilichojirudia ndicho unachokitafutia kipaji. Ukishapata kipaji, angalia nguvu sita za kiumbe: uhai, shambulio, ulinzi, shambulio maalumu, ulinzi maalumu na kasi. Ukizisoma vizuri zinakusimulia mtu. Aina na rangi ziache mwisho kabisa.

Chukua Blissey, kiumbe wa waridi mwenye sura ya muuguzi. Wengi watampa yule anayewabembeleza wote, na hawajakosea, ila hawajui kwa nini. Uhai wake wa msingi ni 255, hakuna anayemzidi. Ulinzi wake maalumu ni 135. Lakini ulinzi wake wa kawaida ni 10. Maana yake, moto, umeme na mawimbi vinampiga na bado amesimama. Ngumi moja ya karibu inamyumbisha. Kama unaye rafiki anayebeba misiba ya kundi zima, kisha neno moja kavu aliloambiwa yeye mwenyewe likamnyamazisha siku tatu, huyo ni Blissey. Kama anabembeleza watu na maneno makavu hayampati, mtafutie mwingine.

Wobbuffet ni wa yule asiyeanza ugomvi hata siku moja, lakini ukimwanza unajuta. Silaha yake ni kurudisha: Counter hurudisha mara mbili ya kipigo cha mwili, Mirror Coat mara mbili ya kipigo maalumu. Uhai wake ni 190, kwa hiyo ana nafasi ya kusubiri. Usimchanganye na Pyukumuku, ambaye watu wa pwani tunamfahamu kwa kumwona tu, kwani ni jongoo bahari. Kasi yake 5, na kipaji chake ni kwamba ukimmaliza, uhai aliokuwa nao kabla ya pigo la mwisho unaupokea wewe kama maumivu. Jongoo bahari wetu naye akibughudhiwa huweza kutoa matumbo yake. Katika Pokémon Sun na Pokémon Moon za mwaka 2016 kuna kibarua cha kuwarudisha hawa baharini kutoka ufukweni. Kwetu tunawaokota na kuwakausha. Pyukumuku mpe yule anayevumilia mpaka basi, na ambaye akisukumwa nje ya mazungumzo anaacha neno moja ambalo kundi zima linabaki nalo.

Yule bingwa wenu anayeibuka siku moja akamaliza kila kitu, kisha hamumwoni? Huyo ni Slaking. Jumla ya nguvu zake ni 670, wakati Mewtwo, mmoja wa wenye nguvu wanaoogopwa, ana 680, lakini kipaji chake kinamfanya apige zamu moja na kukaa zamu inayofuata. Kwenye gemu anaelezwa kuwa mvivu kupindukia, kwa hiyo mpe mtu anayejua kujicheka, na uandike ile 670 kabla ya kuandika uvivu.

Kuna mtego mmoja ambao watu wenye nia njema wanaingia: kumpa anayejifunza Magikarp. Wanafikiria habari yote, kwamba samaki huyu dhaifu akifika levo ya 20 anageuka Gyarados, jumla ya nguvu ikaruka kutoka 200 hadi 540. Mpokeaji hasomi kesho, anasoma leo, na leo Magikarp anarukaruka tu majini. Mpe Eevee. Jumla yake ni 325, si haba, na ana njia nane za kugeuka: jiwe la maji linamfanya Vaporeon, akimpenda mlezi wake na kupanda levo mchana anakuwa Espeon, usiku Umbreon. Hapo umemwambia kwamba hajachagua bado. Ni kweli, na si dharau.

Anayewaiga wenzake naye ana mtego wake. Mkono utakwenda kwa Ditto, kwa kuwa Ditto hujigeuza kuwa aliye mbele yake. Lakini ukimpa mtu Ditto umemwambia hana lake. Smeargle pia anaiga, ila kwa kuchora: shambulio aliloliona analichora na linakuwa lake daima. Kama rafiki yako alijifunza kuchora kwa mwenzake na leo anachora vyake, Smeargle ndiye wake.

Sasa kuhusu wawili wawili, na hapa nakuomba utumie muda, kwa sababu hapa ndipo kundi linapojiona kuwa ni kundi. Tangu 2010 wako Karrablast na Shelmet. Hawa hawageuki kwa levo wala kwa jiwe. Mwenye mmoja na mwenye mwingine lazima wabadilishane, Karrablast kwa Shelmet, na wote wawili hugeuka papo hapo. Karrablast anavaa gamba la mwenzake na kuwa Escavalier, mzito, shambulio 135, kasi 20. Shelmet aliyevuliwa gamba anakuwa Accelgor, kasi 145, ulinzi 40. Ukibadilisha mmoja wao na kiumbe mwingine yeyote, hakuna kinachotokea. Na mmoja akishika jiwe liitwalo Everstone, hakuna kinachotokea pia. Wale wawili wenu ambao mmoja aliacha woga na mwingine akaacha pupa tangu walipoanza kuzungumza, wape hawa, wape pamoja, na usimpe mmoja kabla ya mwenzake.

Mwingine ni Mantyke, mtoto wa samaki taa. Yeye hupanda kuwa Mantine kama tu kwenye timu yumo Remoraid, ambaye ni samaki chazo. Remoraid haliwi, hapungui, hafanyi lolote, awepo tu. (Baadaye mwenyewe, akifika levo ya 25, anageuka Octillery, pweza kabisa, jambo ambalo mvuvi wa hapa atalikataa.) Kila kundi lina mtu ambaye ukisoma maneno yake hayazidi mistari kumi kwa wiki, na bado akikosekana kuna mwenzake anayepwaya. Huyo ni Remoraid; usimwache awe wa mwisho ukampa kilichobaki.

Na popo. Zubat hugeuka Golbat kwa levo ya 22, lakini Golbat kuwa Crobat hakuna levo inayotosha: lazima amzoee na kumpenda mwenye kumlea. Hapo kasi yake inafika 130. Ni mzuri kwa yule aliyeingia na ukali, akachukua miezi kuamini watu. Ila usiandike kwenye kadi kwamba ni popo wetu wa msitu wa Kidike. Wale wa Pemba wana macho makubwa na hula matunda, na Zubat hana macho kabisa na hunyonya damu. Mwenzako wa Mombasa hatajua, lakini wa Chake Chake atakusahihisha mbele ya wote.

Wawili wakiangukia kiumbe mmoja, usihangaike kutafuta mwingine asiyewafaa. Kila Pokémon ana tabia, na tabia ziko 25. Tano hazibadilishi kitu. 20 huongeza nguvu moja kwa asilimia 10 na kupunguza nyingine kwa asilimia 10. Tuseme una watu wawili wa majibu ya haraka, na wote wamekuwa Jolteon, mmoja wa wale wanaotokana na Eevee, kasi 130. Yule anayejibu haraka na kukimbia mzozo mpe tabia ya Timid: kasi juu, shambulio chini. Yule anayechelewa kidogo lakini jibu lake ni zito, mpe Quiet: shambulio maalumu juu, kasi chini. Kiumbe ni mmoja, watu ni wawili, na kila mmoja ana kadi yake.

Ukimaliza, gawa majina 12 katika timu mbili za sita, maana sita ndio mwisho wa kubebwa kwa pamoja. Tazama aina sasa. Ukikuta wanne katika sita ni wa maji, kosa haliko kwenye viumbe. Kuna mtu mmoja umemwandika mara nne. Rudi kwenye daftari.

Kabla hujatuma, soma maelezo ya kila kiumbe mpaka mwisho, si picha tu. Cubone anapendeza, lakini lile analovaa kichwani ni fuvu la mama yake aliyekufa. Usimpe yatima, hata kama kila kitu kingine kinalingana. Drifloon, lile puto, inasimuliwa hushika mikono ya watoto na kujaribu kuondoka nao; mwenye mtoto mdogo halitaki. Corsola wa waridi ni tumbawe hai. Yule mweupe aliyekuja 2019 ni tumbawe lililokufa na ni mzimu, na wavuvi wanaopita kisiwa cha Misali hawahitaji kuelezwa tumbawe jeupe ni nini. Ukichukua picha kwa haraka unaweza kumtuma mweupe ukidhani ni rangi tu. Wa aina ya Ghost, yaani mizimu, wote uliza kwanza, kwa upole. Kwetu mizimu si mchezo kwa kila mtu, na mwingine hatasema kwamba amekereka. Asiyejali ni sawa, na hapo unapata jambo zuri kwa wale wawili waliogombana mwezi wa Rajabu: mashambulizi ya Normal, aina ya kawaida, hayamgusi Ghost, na ya Ghost hayamgusi Normal. Usithubutu kumpa mmoja moto na mwenzake maji, watahesabu nani kashinda. Na Snorlax, kilo 460, usimpe mtu mnene, hata akiwa ndiye mwenye usingizi kuliko wote.

Kwenye kadi andika sentensi moja yenye pande mbili: kiumbe anafanya nini, na rafiki yako alifanya nini. "Wobbuffet haanzi, nawe hukuanza, lakini ulipomjibu yule aliyetutukana, alinyamaza." Ikikushinda kujaza upande wa pili, hujampata bado. Wale wenye nyoyo nyepesi watumie faraghani kwanza, usiku wa kuamkia Idi, wajibu, ndipo uweke mbele ya wote.

Wewe mwenyewe usijichagulie. Waambie wakuchagulie, kila mmoja kwa siri, kisha tazama vitendo gani vinajirudia katika majibu yao. Mimi kura yangu naitia sasa: Lapras. Hupenda kuwabeba watu mgongoni na kuwavusha bahari, na husikia lugha ya binadamu. Uhai wake ni 130. Ni mwingi, lakini si 255, na saa saba za usiku unazoniandikia naziona kwenye simu.

Baba yako