Hadithi za msamaha zisiishie kitandani hospitali

Ndugu Mhariri, nina ombi kwa waandishi wa hadithi, hizi za ndugu waliosusiana miaka halafu mmoja anaugua, mwingine anakuja mbio hospitali, wanalia, imeisha. Jamani haiendi hivyo! Mi nimekaa miaka 9 bila kuongea na kaka yangu, siku nilipompigia nilikata simu mara mbili kabla haijaita, mara ya tatu akapokea akasema "haloo" tu nikasahau yote niliyopanga kusema, tukaishia kuulizana watoto wanaendeleaje. Neno samahani halikutajwa. Lilikuja baadaye sana, vipande vipande, na kuna mambo mpaka leo tunayakwepa. Sasa hadithi iko hapo, kwenye ile simu.

Tena msimlazimishe aliyeumizwa asamehe eti mzazi ni mzazi, maana wengine wanaomba radhi bila hata kutaja walichokosa, na sisi tuliopitia hayo tunaona kabisa mwandishi kakimbilia mwisho. Tuandikieni na yule aliyebisha hodi asifunguliwe, tumfuate njia nzima anaporudi kwake.

Msomaji wenu wa siku nyingi