Uchaguzi wa fani ya afya usiishie kwenye jina la udaktari

Ndugu Mhariri,

Kila matokeo ya mitihani ya sekondari yanapotangazwa, magazeti huwatafuta wanafunzi waliofanya vizuri na kuwauliza wanakusudia kusomea nini, na jibu linalojirudia kurasa kwa kurasa ni udaktari. Ni nadra kusoma kwamba mmoja wao anataka kuwa mtaalamu wa maabara, mkunga au mtaalamu wa tiba ya viungo. Siwalaumu vijana hao, kwa kuwa wametaja fani ambayo wameisikia ikitajwa kwa heshima tangu utotoni. Lakini baada ya miaka mingi ya kufundisha katika vyuo vya afya na kusoma barua za waombaji, nimeamini kwamba wengi wao huchagua cheo kabla hawajaijua kazi, na kwamba sisi watu wazima, wakiwemo wazazi, walimu na wanahabari, ndio tunaowasukuma huko kwa namna tunavyouliza.

Mzizi wa tatizo ni dhana kwamba fani za afya ni ngazi moja, daktari akiwa kileleni, mfamasia akimfuatia, kisha muuguzi, kisha wengine wote ambao hata majina ya kazi zao hayakumbukwi, na kwamba alama za mtihani ndizo zinazomwonyesha mwanafunzi kipandio chake. Dhana hii huleta madhara mawili. Kwanza, humpeleka kwenye udaktari mwanafunzi mwenye alama nzuri ambaye hana hamu yoyote ya kuishi na wagonjwa. Pili, humpeleka mwenzake kwenye uuguzi au maabara akiwa na huzuni ya mtu aliyeshindwa, naye huanza masomo akihesabu siku za kuhama. Nimewafundisha wa aina zote mbili, na sioni ni yupi kati yao wa kuonewa huruma zaidi.

Takwimu zenyewe zinaikataa ngazi hiyo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 kuhusu hali ya uuguzi ilikadiria kuwa dunia ilikuwa na wauguzi wapatao milioni 28, yaani zaidi ya nusu ya wataalamu wote wa afya. Huduma inayobebwa kwa kiasi hicho na fani moja haiwezi kuwa makazi ya waliokosa nafasi mahali pengine. Tofauti kati ya daktari na muuguzi haiko kwenye wingi wa akili inayohitajika. Iko kwenye aina ya uangalifu ambao kila mmoja anautoa kwa mgonjwa yuleyule.

Kazi ya daktari, ukiivua koti lake jeupe, ni kuamua wakati taarifa hazijakamilika. Mgonjwa huja na homa na maumivu ya tumbo, vipimo vingine havijarudi, vingine haviwezekani, na lazima uamuzi ufanyike hata hivyo, kisha daktari awajibike kwa matokeo yake. Humwona mgonjwa kwa dakika chache, huandika sana, huondoka kwenda kwa mwingine. Mwanafunzi anayependa kufumbua mafumbo na anayeweza kulala usingizi baada ya uamuzi asiokuwa na hakika nao atafaa hapo. Yule anayetaka jibu moja sahihi, kama alivyozoea kwenye mitihani ya kemia, atateseka, hata kama alama zake ndizo za juu kuliko za darasa zima.

Muuguzi hukaa. Katika zamu ya saa nane au kumi na mbili, ndiye anayejua kwamba mgonjwa wa kitanda cha pembeni, aliyekuwa akipumua mara 16 kwa dakika asubuhi, sasa anapumua mara 26, ingawa bado anatabasamu na kusema hajambo. Kuongezeka kwa kasi ya kupumua ni miongoni mwa dalili za mapema kabisa za mwili kuelekea kuzidiwa, na mara nyingi hakuna mwingine aliyepo wa kuigundua. Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, alipoanzisha shule yake ya uuguzi katika hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1860, uchunguzi wa makini wa mgonjwa ulikuwa kiini cha alichotaka kifundishwe, na haujawahi kuacha kuwa kiini cha kazi hiyo. Ukunga nao, ambao wengi huuchanganya na uuguzi, una asili yake mwenyewe: mkunga huwa pamoja na mwanamke mwenye afya katika tukio la kawaida, kwa saa nyingi, huku akijua kwamba kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, ambako ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya akina mama duniani, kunaweza kuibadili hali hiyo ndani ya dakika chache. Anahitaji subira ndefu na mikono yenye kasi, na si kila mtu amejaliwa vyote viwili.

Niruhusu nikae kidogo kwa wale ambao mgonjwa huenda asiwaone kamwe, maana ndio wanaosahauliwa zaidi. Umma humdhania mfamasia kuwa mtu wa kuhesabu vidonge. Mfikirie mtoto wa kilo 10 aliyeandikiwa mofini, dawa kali ya maumivu, miligramu 1.0: nukta ya desimali isipoonekana vizuri, dozi hiyo husomwa 10, na mtoto hupewa mara kumi ya alichostahili. Mfamasia ndiye anayesimama kati ya karatasi hiyo na mtoto, na ndiye anayempigia simu daktari bingwa kumwambia, kwa adabu lakini bila kuyumba, kwamba dawa hii haitatoka. Anayeogopa wakubwa asiichukue kazi hii akidhani ni ya kimya.

Vivyo hivyo kwa maabara. Damu ikichukuliwa vibaya, chembe nyekundu zikapasuka ndani ya kichupa, kipimo huonyesha madini ya potasiamu mengi ambayo hayamo mwilini mwa mgonjwa, na daktari anayeiamini namba hiyo anaweza kumtibu mtu ugonjwa asiokuwa nao. Mtaalamu wa maabara mwenye jicho zuri huikataa sampuli hiyo na kuomba nyingine, ingawa wodi nzima inamlaumu kwa kuchelewesha majibu. Tangu mwanasayansi Karl Landsteiner alipoyaeleza makundi ya damu mwanzoni mwa karne ya 20, kila chupa ya damu anayoongezewa mgonjwa hutegemea mtu wa namna hiyo aliyelinganisha sampuli na jina bila kubahatisha. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akitetemeka kila alipotakiwa kuzungumza na mgonjwa, na walimu wenzangu walikwisha kuamua kuwa hafai kwa fani ya afya. Alihamia maabara. Alichokuwa anakosa ni mahali tu, na leo ndiye anayewafundisha wengine udhibiti wa ubora.

Mtaalamu wa mionzi, anayepiga picha za eksirei, yuko katikati: humgusa mgonjwa, humweka katika mkao sahihi, huchunga kipimo cha mionzi, kisha hamwoni tena. Mtaalamu wa tiba ya viungo ni kinyume chake. Fani yake ilipata nguvu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeruhi waliponusurika kwa wingi wakahitaji kurudishiwa uwezo wa kutembea na kufanya kazi, na mpaka leo humfuata mtu mmoja kwa wiki na miezi, akishangilia kidole kilichosogea kidogo baada ya kiharusi. Kuna kijana ambaye maendeleo ya polepole namna hiyo yatamchosha ndani ya wiki moja, na kuna mwingine ambaye hatataka kufanya kitu kingine maishani.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwanafunzi si kama anapenda kuwasaidia watu, kwa sababu hakuna mwombaji aliyewahi kuandika kwamba hapendi. Ajiulize anataka kukaa umbali gani na mgonjwa, kwa muda gani, na ni uzito gani wa uamuzi anaoweza kuubeba peke yake. Ajiulize pia kuhusu usiku, kwa kuwa mwili wa mtu mmoja huzoea zamu na wa mwingine hauzoei hata baada ya miaka. Hofu ya damu, ambayo wanafunzi huiuliza kuliko yote, mimi siipi uzito mkubwa. Wengi huizoea katika muhula wa kwanza wa mafunzo kwa vitendo. Kisichozoeleka kwa urahisi ni kuchoshwa na maswali ya watu, na anayejiona ana tabia hiyo aiheshimu mapema.

Swali la muda wa masomo linahitaji hesabu ya kweli. Katika nchi nyingi shahada ya udaktari huchukua miaka mitano au sita kutoka sekondari, na nchini Marekani huchukua minne baada ya shahada ya kwanza. Kisha hufuata mafunzo ya kazi chini ya usimamizi, na ubingwa ambao unaweza kuongeza miaka mitatu hadi saba. Mzazi anayesema mwanawe atakuwa daktari bingwa wa upasuaji anazungumzia kijana atakayekuwa amevuka miaka thelathini kabla hajasimama peke yake. Kwa wengine safari hiyo ni halali yao na waifungie mizigo. Kwa mwingine mwenye wadogo wa kusomesha, kozi ya miaka mitatu inayompa leseni na mshahara ndiyo uamuzi wa busara, wala haina maana kwamba amefunga milango.

Milango hiyo imefunguliwa kwa makusudi katika historia ya fani zenyewe. Mwaka 1965, chuo kikuu cha Duke huko Marekani kilianza kuwafundisha wasaidizi wa madaktari, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watu waliowahi kutoa huduma za tiba katika jeshi la majini. Mwaka huohuo, katika chuo kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kuchunguza na kutibu kwa upana zaidi. Nchi nyingi za Afrika zimekuwa na matabibu, yaani wataalamu wa tiba ambao si madaktari, kwa miongo mingi, na katika vituo vingi vya afya hao ndio wanaomwona mgonjwa kwanza. Hata hivyo, mwanafunzi asichukue kozi moja kwa matumaini tu kwamba itamvusha kwenda nyingine. Baadhi ya vyuo hutambua masomo ya awali na vingine humrudisha mtu mwaka wa kwanza, na jambo hilo huulizwa kwa maandishi kabla ya kulipa ada.

Kuhusu ada, nasihi jambo moja ambalo kulipuuza kumewagharimu wengi. Kabla ya kukubali nafasi chuoni, mwanafunzi ahakikishe kwa baraza linalosajili wanataaluma wa fani hiyo, siyo kwa wakala wala kwa tangazo, kwamba kozi inatambuliwa na wahitimu wake husajiliwa. Anayefikiria kufanya kazi nchi nyingine ajue kwamba leseni haisafiri na mwenyewe. Takribani kila mahali atatakiwa kuthibitisha vyeti upya, na mara nyingi kufanya mtihani. Mshahara sitauzungumzia sana, kwa kuwa hutofautiana mno kati ya nchi na nchi na kati ya mwajiri na mwajiri, ila naona ni unafiki kumwambia kijana asiufikirie.

Njia bora ya kuyajua haya yote ni kwenda kutazama. Hospitali na zahanati nyingi humkubali mwanafunzi mwenye barua ya shule kukaa na mtaalamu kwa muda mfupi, mradi aelewe kwamba siri za wagonjwa hazitoki mlangoni. Asiende kwa daktari peke yake. Apite maabara, famasia, chumba cha mionzi, wodi ya wazazi. Na achague wa kuuliza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza bado ana furaha ya kuchaguliwa, na profesa amekwisha kusahau zamu za usiku. Aliye kazini kwa miaka mitano hivi ndiye mwenye habari, na swali la kumuuliza ni jana alitumia saa zake kufanya nini, na ni kipi kati ya hivyo angefurahi kuondolewa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Msimu ujao wa matokeo, mwandishi wako anapomsikia mwanafunzi akitaja udaktari, amuulize swali la pili: umewahi kumwona daktari akifanya kazi siku nzima? Na karibu na picha za vijana hao, chapisheni mahojiano na mtaalamu wa maabara, mkunga na mtaalamu wa tiba ya viungo, mkiwauliza kuhusu siku yao ya kazi na njia waliyopitia kufika hapo, pamoja na masomo ya sekondari yaliyowafungulia njia hiyo. Fomu za maombi ya vyuo hujazwa wiki chache tu baada ya matokeo, kwa hiyo mahojiano hayo yakitoka mapema yatawakuta wasomaji wake wakiwa bado na kalamu mkononi.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa chuo cha afya