Kaboni ya magunzi haijaonja jiwe

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu 2008 na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ile habari yenu ya kaboni ya kunasia dhahabu iliyotengenezwa kwa magunzi ya mahindi na makaa ya mawe, yenye picha ya mtaalamu wa glavu nyeupe, eti wachimbaji wadogo tumepata mkombozi, ndiyo imenishikisha kalamu.

Kemia yake siibishii. Magunzi yakichomwa bila hewa, kisha yakapitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 900, yanatoboka vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukikunjua uso wote wa vitundu hivyo, gramu moja inaweza kupita mita za mraba 500. Kuchuja maji ya kunywa, sawa. Sisi wachenjuaji, tunaotoa dhahabu kwenye mawe yaliyosagwa, kaboni yetu inakorogwa usiku na mchana kwenye tangi la sayanaidi inayoyeyusha dhahabu, kaboni iinase, huku ikisuguana na unga wa mawe. Ndiyo maana wenye dhahabu wameng'ang'ania vifuu vya nazi: kaboni yake ni ngumu. Mwandishi wenu kasifia vitundu habari nzima, neno "ugumu" sikuliona.

Mwaka juzi niliuziwa mchanganyiko wa namna hiyo, magunia manne ya kilo 25, bei ya kutupa. Nikafurahi kama mjinga. Kaboni ya vifuu ukiimwaga kwenye bati inalia kama kokoto. Hii ilitua kimya kama pumba, nami nikajifanya sijasikia. Unga wa magunzi na wa makaa ya mawe hushikizwa kwa lami au gundi, na ukishikizwa ovyo unaachiana. Siku ya tatu tangi likawa jeusi kama kahawa ya kijiweni. Nikachota konzi, nikasugua, kiganja kikabaki na masizi matupu. Na masizi yale yalikuwa yameshabeba dhahabu yangu! Chembe nzima inanaswa na wavu; vumbi linapenya, linakwenda zake bwawa la tope sumu na mali ya watu mgongoni. Kilichopatikana kwenye elusheni, yaani kuitoa dhahabu kwenye kaboni, sikukitaja nyumbani.

Halafu vifuu tunavyo, Tanga, Mafia, Pangani, huku tukinunua kaboni ya Sri Lanka na Ufilipino. Shemeji yangu alichoma mkaa wa vifuu, gari likazuiwa getini, akadaiwa kibali cha mkaa wa msitu. Alipowaonyesha kifuu akajibiwa mnazi nao ni mti. Hilo hamkuliandika, na nilipiga simu chumba chenu cha habari mara mbili.

Basi hao wataalamu waje. Tangi langu namba 2 liko tupu kuanzia Jumatatu. Walete gunia moja, tukoroge saa 72 kwa mawe yangu, tuchekeche mbele ya mwandishi wenu, tupime vumbi. Dhahabu itakayopotea walipe wao, kwa bei ya siku hiyo ya soko la Geita. Glavu nyeupe waziache huko huko.

Mchenjuaji, Geita