Utafiti wa Duflo wa Busia uwarudie wakulima

Mhariri,

Kila anapotajwa mwanauchumi Mfaransa Esther Duflo, habari huanzia kwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019, aliyoipata pamoja na Abhijit Banerjee na Michael Kremer, na huishia papo hapo. Tunakumbushwa kwamba ni mwanamke wa pili kuitwaa tuzo hiyo ya uchumi, akiwa na umri wa miaka 46 tu. Ni heshima kubwa. Lakini sisi wa magharibi mwa Kenya tuna sababu yetu ya kuifuatilia kazi ya msomi huyu, nayo iko kwenye mahindi.

Duflo alizaliwa Paris mwaka 1972, akasomea historia na uchumi kwao, kisha akaenda chuo kikuu cha MIT, Marekani, alikohitimu shahada ya uzamifu mwaka 1999. Katika tasnifu yake aliichunguza Indonesia, ambako serikali ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000 katika miaka ya 1970. Alitaka kujua kama watoto waliojengewa shule hizo walisoma zaidi na kulipwa vizuri zaidi walipokuwa watu wazima. Akakuta ndivyo ilivyokuwa. MIT ikamwajiri mwaka uo huo.

Kisha yeye, Kremer na Jonathan Robinson wakafanya utafiti Busia, huku kwetu magharibi. Walijaribu mbolea kwenye vishamba vya wakulima wenyewe. Wakaona kwamba nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia (ile inayowekwa mahindi yakishaota) kwa kila shimo inamlipa mkulima vizuri, ilhali mpango kamili uliopendekezwa na wizara ya kilimo, wa mbegu za kisasa na mbolea ya kupandia na ya kukuzia, haukumletea faida mkulima wa kawaida. Hebu fikiria ni wangapi walioacha mbolea kabisa kwa kuwa waliambiwa ni yote au basi!

Tena wakagundua kwamba wengi hunuia kununua mbolea, ila msimu ukifika pesa zimekwisha. Yeyote anayelima huku anajua zinakokwenda: karo, matanga, hospitali. Basi wakawafuata baadhi ya wakulima nyumbani mara tu baada ya mavuno, wakawaambia walipe wakati huo, kwa bei ya kawaida, na mbolea ingeletwa bila nauli. Matumizi ya mbolea yakaongezeka kwa kati ya asilimia 47 na 70. Walipotoa nafasi hiyohiyo ya kuletewa bure baadaye, wakati wa kukuzia, haikubadilisha kitu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la wachumi la Marekani.

Wapo wanaolalamika kwamba majaribio ya aina hii huwapa baadhi ya watu msaada na kuwaacha majirani zao ili kuwalinganisha. Lalamiko hilo lina uzito, na kwangu mimi deni lake hulipwa kwa kuwarejeshea wote kilichopatikana. Wakulima walitoa mashamba yao na kujibu maswali. Hawawezi kuachiwa jarida la Kiingereza.

Naomba kurasa zako za kilimo zichapishe matokeo haya kwa Kiswahili kabla ya mavuno yajayo. Kaunti nazo ziwatume maafisa wa ugani na wauza mbolea vijijini wiki ile mahindi yanapoingia ghalani, badala ya kungoja mvua.

Mwalimu mstaafu na mkulima,
Bungoma