Mlinificha historia ya gari: malalamiko kuhusu BMW 340i

Lang'ata, Nairobi
10 Novemba 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Yadi ya Magari ya Mtumba,
Ngong Road, Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: BMW 340I YA MWAKA 2018 ILIYOUZWA KWA MILEJI ISIYO YA KWELI

Nimewapigia simu, nimewaandikia ujumbe, na nilipofika yadini kijana wenu wa mauzo akanijibu, "Magari ya Mjerumani ndivyo yalivyo, mzee." Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii. Gari halina hatia. Walio na hatia ni ninyi mliolitoa Japani, mkajua hali yake, kisha mkaniuzia hadithi.

Nililitamani gari hili kwa miaka mingi, na sababu zangu zilikuwa za maana. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, hupoteza nguvu nyingi inapopanda kuelekea Limuru. Hii ya 340i ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sisi 2,998, na tabo inayorudisha hewa ile iliyopungua. Alfajiri, Southern Bypass ikiwa bado tupu, usukani unaitika kabla hujamaliza kuugeuza, na gari linashika kona kwa utulivu ambao sijawahi kuupata kwingine. Nasema haya ili mjue kwamba anayewaandikia si mtu aliyelichoka gari. Nalipenda, na ndiyo maana mlilolitendea linaniuma.

Dashibodi ilionyesha kilomita 64,000. Mliniambia injini haijafunguliwa hata nati moja.

Haikuchukua muda, gia zikaanza kushtuka kwenye foleni ya Waiyaki Way, hasa gari linapopunguza mwendo na kurudi gia ya pili. Kisha nikiwa nakaribia Kangemi, onyo la joto likawaka. Fundi alipofungua tangi la maji ya radieta, kulanti, ile dawa ya kupozea injini, haikuwamo. Yalikuwamo maji matupu yenye rangi ya kutu, na ufa wa tangi lenyewe ulikuwa umezibwa kwa gundi upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila tangi kutolewa. Injini hii hufanya kazi kwenye joto linalozidi nyuzi 100. Maji matupu hapa Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kinachoyazuia kuchemka humo ni shinikizo la mfumo uliofungwa vizuri. Tangi lenye ufa halina shinikizo. Aliyepaka gundi ile alijua anachokifanya, na alijua pia kwamba gari litaondoka yadini kabla haijaachia.

Injini hii haina kijiti cha kupimia oili; kiwango husomwa na kompyuta. Kwa hiyo mnunuzi hawezi kuchomoa kijiti pale yadini aone rangi. Anategemea neno la muuzaji. Oili tuliyoimwaga ilikuwa nzito na nyeusi kama lami.

Matairi nayo. Gari hili lilitoka kiwandani na matairi yanayoweza kutembea kilomita 80 hivi yakiwa hayana upepo, mradi usizidi kasi ya kilomita 80 kwa saa. Ndiyo sababu halibebi tairi la akiba. Mliyaondoa mkaweka ya kawaida, bila akiba, bila jeki, bila hata kuniambia. Ubavuni mwa matairi hayo tarakimu nne za mwisho ni 1917, maana yake yalitengenezwa wiki ya 19 ya mwaka 2017. Ni makuukuu kuliko gari lenyewe! Nilikuwa nikiwabeba watoto wangu juu ya matairi hayo, usiku, kwenye barabara zenye mashimo.

Sasa mileji. Fundi alipounganisha kompyuta ya kupimia, kumbukumbu ya hitilafu ya giaboksi ilionyesha kosa lililosajiliwa gari likiwa na kilomita 131,000. Gari la kilomita 64,000 haliwezi kukumbuka lililotokea kwenye 131,000. Aliyerudisha namba za dashibodi alisahau kwamba gari la kisasa huandika safari zake mahali pengi. Na hapo ndipo mshtuko wa gia ulipoeleweka: watengenezaji wa giaboksi hii, ZF, hushauri oili yake ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kwa mileji mliyonipa, muda huo ulikuwa bado. Uongo wenu ulininyima nafasi ya kuliokoa gari mapema.

Nawafahamu wenye magari ya aina hii hapa mjini. Wanaobadilisha oili mapema bila kungoja dashibodi iwakumbushe, na kuweka kulanti inayotakiwa, wanayaendesha kwa raha mwaka baada ya mwaka. Wengine walinunua kama nilivyonunua mimi. Magari yao yamelala gereji za Industrial Area yakingoja spea, na wao wanaambiwa Mjerumani ndivyo alivyo.

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, habari anazohitaji kuhusu bidhaa hizo, na fidia akipata hasara. Nadai mnirudishie Sh487,000 nilizotumia kwa tangi, oili ya giaboksi, kulanti na matairi manne, kwa risiti nilizoambatanisha. Nadai pia mnipe cheti cha Japani cha kusafirishia gari, chenye mileji iliyosajiliwa huko, pamoja na karatasi ya mnada inayoeleza hali ya gari lilipouzwa huko, kisha tukae tukubaliane kiasi mtakachonirudishia katika bei, kwa kuwa mliniuzia gari lililotembea zaidi ya mara mbili ya mlivyosema.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, ambayo pia hulinda wanunuzi, na dai la gharama za matengenezo nitalifungua katika Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Ripoti ya kompyuta, picha za tangi na matairi yenyewe ninavyo.

Wako mwaminifu,
Mnunuzi wa BMW 340i